Handaki la Mjerumani Sekenke: hakuna dhahabu iliyofichwa, kuna hatari

Bado wapo wananchi wanaofukua mashimo ya zamani Sekenke, wilayani Iramba, kwa kuamini kwamba Mjerumani aliacha handaki lililojaa dhahabu linalotokeza hadi Tabora. Tunaomba tuelewane.

Mgodi upo kweli. Dhahabu iligunduliwa 1907, uzalishaji ukaanza 1909, na wakati wa Vita vya Kwanza dhahabu hiyo ikapelekwa Tabora kutengenezea sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, mwaka 1916. Sarafu hizo zilikuwa takribani 16,000, kila moja gramu 7 na kidogo. Zote kwa pamoja hazifiki kilo 120, na zilitoka kwenda kutumika kama fedha. Mali ya kujaza handaki ingetoka wapi?

Na handaki lenyewe? Kutoka Sekenke hadi Tabora ni zaidi ya kilometa 100. Njia ya kupita mtu mmoja, upana mita moja na nusu na kimo mita mbili, ingetoa mita za ujazo 300,000 za mwamba. Kifusi hicho kingekuwa kilima hadi leo. Mchimbaji hufuata mkanda wa mawe yenye dhahabu. Mkanda ukikatika, naye anaishia hapo.

Wanaouza "ramani za Mjerumani" na rupia, sarafu za kale zinazodaiwa "kuvuta mchele" kama sumaku, ni matapeli. Ripoti polisi.

Kuhusu sheria: madini yote yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri ya Muungano, hata yakiwa chini ya sakafu ya chumba chako. Hati ya kiwanja si leseni ya kuchimba. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa na Tume ya Madini, kwa Watanzania pekee, kwa miaka 7, na eneo lisizidi hekta 10. Kuwa na leseni hakukuruhusu kuingia shamba la mtu bila ridhaa yake, wala kuchimba makaburini. Asiye na leseni anatenda kosa la jinai: faini, kifungo, au vyote viwili. Kusema "nilikuwa natafuta rupia tu" si utetezi.

Matimba, yaani magogo yaliyoshikilia kuta za mashimo hayo, ni ya miaka ile na yameoza. Chini kabisa hutuama hewa isiyo na oksijeni. Haina harufu, na aliyeshuka hudondoka kabla hajatikisa kamba kuomba avutwe. Anayemfuata kumwokoa naye huangukia palepale. Familia hupoteza wawili kwa hadithi moja, na hilo linatuuma.

Shimo likititia shambani, usimshushe mtu kulikagua. Zungushia miiba, ondoa watoto na mifugo, mjulishe mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo, naye ataarifu ofisi ya Afisa Madini Mkazi. Taja kijiji, kitongoji na mwenye shamba, ili mkaguzi afike moja kwa moja.