Mashine ya Tatuu Ikilegea, Usikimbilie Kuongeza Volti

Wachoraji tatuu wa Mwanza, wenye studio za vioo katikati ya mji na wanaochorea chumbani kule Mabatini na Igoma, wana tabia moja inayotujazia kazi karakana. Mashine ikianza kulegea, mkono unakwenda kwenye kitufe cha volti. Mwezi uliopita ilichora kwa volti 7, sasa inataka 8, baadaye 9 na nusu. Mstari unatoka, mteja analipa, na mashine inaendelea kufa taratibu. Sisi wa idara ya umeme na elektroniki katika chuo cha ufundi tumeona tulieleze jambo hili hadharani, maana ubovu wa kifaa hiki haubaki mezani kwa fundi. Unaishia kwenye ngozi ya mtu.

Tunazungumzia mashine ya mota, iwe ya umbo la kalamu au ya fremu, si ile ya koili, ambayo sindano yake huendeshwa na sumaku ya umeme. Ni teknolojia ya siku nyingi: Samuel O'Reilly alipata hataza yake New York mwaka 1891, akiwa ameanzia kwenye kalamu ya umeme ya Thomas Edison. Kanuni haijabadilika sana. Mota ya umeme wa DC, yaani wa mkondo mmoja kama wa betri, inazungusha kigurudumu chenye pini iliyokaa pembeni ya kitovu. Pini imevishwa beringi, na beringi inasukuma sindano. Pini ikiwa milimita 1.75 kutoka kitovu, sindano inatembea milimita 3.5. Mota ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, sindano inachoma mara 100 kwa sekunde.

Volti inatawala kasi. Haitawali urefu wa mwendo wa sindano, wala kina chake ndani ya ngozi; kina ni mkono wa mchoraji na kiasi cha sindano alichotokeza nje ya ncha. Kwa hiyo ukipandisha volti kuficha beringi inayokwama, umeficha tu. Siku itakapoachia katikati ya mstari, mashine itapaa ghafla na ngozi itachakazwa. Ngozi iliyochakazwa hupona kwa kovu, na wino hautulii.

Uchunguzi uanzie nje ya mashine, kwa sababu mota husingiziwa mengi. Chukua multimita, upime volti mwisho wa waya wakati mashine inafanya kazi, si ikiwa imezimwa. Adapta ikionyesha 8 huku mwisho wa waya ukisoma 6, mwizi wako ni waya, plagi au pedali ya mguu ya kuwashia. Tikisa waya karibu na plagi. Namba zikirukaruka, risasi ya kuchomelea imeachia ndani. Ukikosa multimita, azima waya unaojua ni mzima. Pedali nayo ifunguliwe: vibati vyake vya kugusana hushika kutu, hasa kwa walio jirani na maji kama Kirumba na Kamanga. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, kweli, lakini unyevu peke yake unatosha. Visugue kwa msasa laini, vipanguse, maliza.

Kuna jingine tunaloliona mno: adapta ya king'amuzi kukatwa plagi na kuungwa kwenye mashine. Adapta hizo nyingi hutoa volti 12 zisizopungua. Mashine inakimbia kwa nguvu yake yote tangu dakika ya kwanza, joto linapanda, sumaku ya mota inadhoofika na brashi za kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zinalika. Nunua adapta yenye kitufe cha kurekebisha, na kama mfuko unaruhusu, yenye kuonyesha ampea pia. Ampea ndizo zinazosema ukweli: volti zikiwa zilezile na ampea zikazidi kupanda siku hadi siku, mota inavuta mzigo mzito kuliko zamani. Na umeme ukikatika, chomoa. Subiri urudi na utulie, ndipo uchomeke.

Ikiwa umeme unafika vizuri, sasa tazama ndani, na hapo mtuhumiwa wa kwanza ni wino. Katriji, kile kichwa chenye sindano kinachochomekwa mbele ya mashine, ikiwa nzuri ina kiwambo cha mpira kinachozuia wino na damu kurudi nyuma. Za bei ya kutupa nyingine hazina, au zinacho kimelegea. Ukinunua boksi jipya, toa katriji moja ya kujaribia, sukuma kitako chake kwa kidole: sindano itoke, na ukiachia irudi yenyewe. Isiporudi, usitumie boksi hilo. Ile uliyojaribia itupe, haifai tena kwa mteja. Wino ukishaingia kwenye beringi hukauka na kuganda, mashine inaanza kunung'unika, kisha inapata moto mkononi. Kumbuka pia kwamba huo si wino mtupu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7, hata kwenye tone la damu lililokauka.

Kwa sababu hiyo matengenezo na usafi ni kazi moja. Mashine yenyewe haiingii kwenye mtungi wa kutakasia kwa mvuke, itakufa. Ivalishe nailoni mpya kwa kila mteja, waya nao usisahaulike. Ukimaliza, ukiwa na glavu, zima, tupa katriji kwenye kisanduku cha vitu vyenye ncha kali, vua nailoni, panguza kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kilichokamuliwa, halafu spiriti ya asilimia 70. Usinyunyizie moja kwa moja juu ya mashine. Dawa ya klorini inafaa kwa meza na sakafu; kwenye alumini inakula. Kishikio cha chuma kinachofunguka kioshwe, kifungwe, kitakaswe kwa mvuke wa nyuzi joto 121 kwa dakika 30. Kuchemsha kwenye sufuria si kutakasa, hata yakitokota saa nzima.

Mlio wa kugongagonga mara nyingi ni skrubu ya kigurudumu imelegea. Ikaze kwa spana yake ndogo ya L, kisha weka tone la rangi ya kucha likishika kichwa cha skrubu na mwili wa kigurudumu. Rangi ikipasuka, utajua skrubu imesogea kabla haijakuaibisha mbele ya mteja. Oili ya cherehani inatosha kwa beringi ya wazi, tone moja. Beringi iliyofunikwa haihitaji kitu. Ikianza kukwaruza, ibadilishwe. Anayemwaga oili ndani ya mota anaichafua brashi, halafu anatuletea.

Wenye mashine za betri ya lithiamu: betri ikivimba, acha kuitumia papo hapo, na usiiache kwenye gari juani.

Mota ikishachoka kabisa, hizi ndogo hazifunguliwi, hubadilishwa. Usiende dukani mikono mitupu. Chukua ile ya zamani, ulinganishe volti, kasi na unene wa shafti. Muuzaji akisema zote ni sawa, mwombe kalipa, kile kipimo cha unene, mpime pamoja, kwa sababu shafti ikiwa nyembamba hata kwa nusu milimita, kigurudumu hakitakaa katikati na skrubu italegea upya kila siku.