Mpangaji Ametoroka, Vitu Vimebaki: Ni Vya Nani?

Wenye ploti wa Pipeline na Kayole, mitaa ya Nairobi, huniletea swali moja kwa namna nyingi. Mpangaji amehama usiku na deni la kodi ya miezi mitatu, kaacha godoro, meko ya gesi na sanduku la nguo. Simu haipatikani. "Wakili, si vimeshakuwa vyangu?"

Hapana. Muda peke yake haumnyang'anyi mtu kitu chake. Wengi huchanganya na ile miaka 12 ya ardhi, ambapo aliyekalia shamba la mwenzake waziwazi, bila ruhusa na bila kuzuiwa, anaweza kwenda mahakamani kudai umiliki. Kanuni hiyo ni ya ardhi. Godoro haliingii humo. Ili kitu kihesabiwe kimetelekezwa, lazima ionekane kwamba mwenyewe alikusudia kuachana nacho kabisa. Mtu anayekimbia deni hajasema hivyo.

Deni nalo lina njia yake. Sura ya 293 ya sheria za Kenya inaruhusu mali ya mpangaji ikamatwe kwa ajili ya kodi, ila kupitia dalali mwenye leseni. Ukimuuzia jirani meko hiyo kwa mkono wako, mpangaji anaweza kukushtaki umlipe fidia, hata kama kodi bado unamdai. Kwa hiyo usivunje kufuli peke yako. Tafuta ushauri kwanza, na siku ya kufungua awepo mzee wa mtaa au shahidi mwingine asiye na upande. Andikeni kila kitu, pigeni picha, ripoti polisi upewe namba ya OB (daftari la matukio la kituo), kisha mtumie mpangaji ujumbe unaoweza kuuonyesha baadaye. Vyeti vya shule na kitambulisho viwekwe kando kwa uangalifu. Vyeti vikichomwa na takataka, kijana anakosa kazi kwa kosa lisilo lake, na hilo linaniuma kuliko samani yoyote.

Mafundi wa Luthuli na gereji za Kirinyaga Road, hapa Nairobi, wana sheria yao, Sura ya 38, inayohusu vitu vilivyoletwa kutengenezwa visichukuliwe. Hapo kuuza kunaruhusiwa, lakini baada ya notisi. Fungua Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka kila Ijumaa, uyaone matangazo yenyewe: namba ya gari, mahali lilipo, gharama za kulihifadhi, na muda, mara nyingi siku 30, kabla halijapigwa mnada. Ule mstari mdogo chini ya risiti, "mzigo usipochukuliwa utauzwa", hautoshi. Na pesa zikizidi gharama, zilizozidi ni za mwenye kitu. Fundi asizitie mfukoni.

Pesa za benki ni rahisi zaidi. Kwa sheria ya 2011, akaunti isiyoguswa kwa miaka 5 huhesabiwa imeachwa, na fedha zake hupelekwa kwa UFAA, mamlaka ya serikali inayotunza mali za kifedha zisizodaiwa. Mshahara ambao haukuchukuliwa husubiri mwaka 1 tu. Mamlaka inazitunza, mwenyewe anabaki kuwa mwenyewe, na kudai ni bure, kwa hiyo anayekuomba "ada ya kufuatilia" mkwepe. Kwa fedha za marehemu, warithi huhitaji hati za usimamizi wa mirathi. Kama mzazi wako aliacha kitabu cha zamani cha benki kabatini, anza nacho.