Kupiga mbizi kutoka ufukweni wakati wa kusi

Mwezi wa saba na wa nane, upepo wa kusi ukivuma kutoka kusini, maji ya fukwe za Nyali na Bamburi, Mombasa, huwa nyuzi 25 hivi. Mtu huingia na fulana na kaptula, na nusu saa ya kwanza haoni tofauti. Lakini mwili una nyuzi 37, na maji hunyonya joto lake mara 25 hivi zaidi ya hewa. Kufikia dakika ya hamsini anatetemeka, hewa ya mtungi inakwisha upesi, na bado hajatoka.

Hapo ndipo sisi tunaofundisha usalama majini hukazia. Aliyekwenda kwa boti hupandishwa akiwa amechoka, akapewa taulo. Aliyeingia kwa miguu kazi yake ngumu iko mwishoni: kuogelea kurudi, kuvuka mawimbi, kuvua mapezi huku mchanga ukimtoka chini ya nyayo. Baridi nayo humkuta wakati huohuo.

Kwa hiyo pima vidole mara kwa mara ukiwa chini. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono uleule. Visipokutana, mwashirie mwenzako mrudi, hata kama geji, kipimo cha hewa, inaonyesha nusu mtungi. Mkono wa namna hiyo hautafungua bakli ya mkanda wa vipande vya madini ya risasi unaokuzamisha, wimbi likikuangusha.

Nguo ya neopreni, mpira laini wenye viputo vidogo ndani, ya unene wa milimita 3 huwatosha wengi msimu huu. Mtu mwembamba, au anayezama mara mbili kwa siku, avae ya milimita 5. Jua pia kwamba kwenye mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, kwa hiyo viputo vya ndani ya neopreni hubanwa na nguo hupoteza sehemu ya joto lake. Anayesafiri kwenda Cape Town au Uingereza ni habari nyingine: chini ya nyuzi 15 pumzi hukatika ghafla dakika ya kwanza tu, na chini ya nyuzi 10 regyuleta, kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi, yaweza kuganda ikamwaga hewa mfululizo. Akasomee huko kwanza.

Sasa maji yenyewe. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, hapa Mombasa maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni, na tofauti yake hupita mita 3. Yakipwa, maji yaliyo kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe hukimbilia nje kupitia milangoni, yaani mapengo ya mwamba, na mzamiaji aliye karibu na mlango huenda nayo. Kupiga mapezi kushindana nayo ni kumaliza nguvu bure. Ogelea kwa upande hadi utoke kwenye mkondo. Bora zaidi, ingia yakiwa yanajaa, utoke kabla hayajageuka. Nje ya mwamba mkondo huelekea kaskazini, na wakati wa kusi huwa na nguvu zaidi, basi chagua mapema pa kutokea upande huo. Jedwali la kupwa na kujaa maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, hutolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya, lakini halisemi chochote kuhusu upepo. Mwenye ngalawa akikwambia leo hakuendeki, hakuendeki, hata kama umeshakodi mtungi.

Mtu akitoka ametota na anatetemeka, mvueni nguo zilizolowa, mkausheni, mumfunike leso na kikoi, mumpe chai ya sukari ikiwa anameza vizuri. Msimkande, wala msimsugue mikono na miguu. Kutetemeka kukikoma naye bado ni baridi na maneno yanamchanganyika, hiyo ni dharura. Ganzi na maumivu ya viungo baada ya kuzama msiyaite baridi tu: yaweza kuwa viputo vya naitrojeni mwilini. Mlazeni, mpeni oksijeni, na ombeni msaada mara moja.

Pwani abaki mtu mmoja asiyezama, mwenye simu yenye chaji. Mwambieni mnaingilia wapi, mtatokea wapi, boya lenu ni la rangi gani. Mkipanga kutoka saa tisa na nusu, mpeni saa kumi kuwa mwisho wa kungoja. Ikifika hamjaonekana, apige 999 au 112, ataje ufuo na mlango wa karibu, na asitoke pale alipo.