Kazi za makabaila siku ya kutawazwa mfalme wa Uingereza: maana na chimbuko lake

Mfalme wa Uingereza hahitaji taji ili awe mfalme. Mtangulizi wake akikata roho, enzi inamhamia mrithi papo hapo. Elizabeth II aliupata umalkia akiwa ziarani Kenya, upande wa Nyeri, tarehe 6 Februari 1952, na hapakuwa na kabaila wa kumshikia upanga wala askofu wa kumpaka mafuta. Alikuja kutawazwa London tarehe 2 Juni 1953, alipokuwa amekwisha kutawala kwa zaidi ya mwaka. Sasa kama umalkia alikuwa nao tayari, wale mabwana wenye majoho mekundu na manyoya meupe, huyu kabeba taji, yule upanga, yule fimbo ya enzi, walikuwa wanafanya kazi gani?

Walikuwa wanalipa. Tukiirudisha kwenye shina lake, kazi ya kabaila siku ya kutawazwa ni malipo ya ardhi. Asiyelijua hili ataiona sherehe nzima kama gwaride la nguo za kale. Akilijua, ataona kwamba karibu kila glavu na kila upanga una shamba nyuma yake.

Mwaka 1066 William wa Normandy aliiteka Uingereza, akatawazwa ndani ya Westminster Abbey siku ya Krismasi ya mwaka huohuo. Tangu hapo ardhi yote ya nchi ikahesabiwa kuwa ya mfalme, na kila bwana aliyekuwa na eneo alikuwa amelishika kutoka kwake kwa masharti. Wengi walitakiwa kumpelekea askari wapanda farasi vita vikitokea. Wachache walipewa sharti la namna nyingine: wao wenyewe kumtumikia mfalme, kwa kazi moja iliyotajwa, mara nyingi siku ya kutawazwa kwake. Aina hii ya umiliki ndiyo ninayoiita hapa utumishi wa heshima. Ina alama mbili. Kwanza, kazi ni ya mwenye ardhi, ingawa akiwa mtoto, mwanamke au kasisi aliweza kumweka mtu wa kumwakilisha. Pili, na hapa ndipo wengi wanapopotea, kazi iliifuata ardhi. Shamba likienda kwa mtu mwingine, kazi ilikwenda nalo.

Kazi zenyewe zilikuwa za kila aina. Kitabu cha hesabu ya ardhi cha mwaka 1086 kinamtaja mpishi aitwaye Tezelin kuwa mwenye shamba la Addington, katika Surrey. Walioishika Addington baada yake walidaiwa kumwandalia mfalme mchuzi mzito wa kuku, lozi na viungo kwenye karamu ya kutawazwa. Kisiwa cha Man kilipokabidhiwa kwa John Stanley mwanzoni mwa karne ya 15, sharti lilikuwa vipanga wawili wa kuwindia kwa kila mfalme mpya, na mwaka 1821 Duke wa Atholl, ambaye sharti hilo lilimfikia kwa urithi, alikuwa bado akiwaleta.

Heshima yenye faida huleta wagombania. Ndiyo sababu kabla ya kutawazwa kukawa na Mahakama ya Madai, ambayo kazi yake ni kuamua nani ana haki ya kufanya nini. Kumbukumbu zake zinaanzia mwaka 1377, Richard II alipotawazwa akiwa mtoto wa miaka 10. Aliyekaa kusikiliza ni baba yake mdogo, John of Gaunt. Shauri mojawapo lilihusu cheo cha Mpiganaji wa Mfalme, ambacho hapo awali kilikuwa cha ukoo wa Marmion. Ukoo huo ulikuwa umekosa mrithi wa kiume na mali yake ikagawanyika kwa upande wa kike: Baldwin de Freville alikuwa na ngome ya Tamworth, John Dymoke alikuwa na Scrivelsby, katika Lincolnshire, aliyoipata kwa njia ya mke wake. Wote wawili walidai cheo. Alishinda Dymoke, kwa kuwa kazi ilihesabiwa kufungwa na Scrivelsby. Sioni mfano mwingine unaoeleza dhana hii vizuri kuliko huu.

Kazi ya Mpiganaji ilikuwa kuingia Ukumbi wa Westminster katikati ya karamu, juu ya farasi, amevaa deraya mwili mzima. Mpiga mbiu alitangaza kwamba yeyote anayekana haki ya mfalme huyu ajitokeze apigane. Glavu ya chuma ikatupwa chini. Mara tatu. Hakuna aliyeiokota. Mfalme alimnywea kwa kikombe cha dhahabu, kisha kikombe kikawa mali ya Mpiganaji.

Mara ya mwisho hayo kufanyika ni tarehe 19 Julai 1821, kwenye kutawazwa kwa George IV. Mwenye Scrivelsby wakati huo alikuwa kasisi, naye hakuweza kuvaa silaha, hivyo akaingia mwanawe Henry, kijana wa miaka kama 20. Farasi aliazimwa kutoka kwenye sarakasi ya Astley, maana farasi wa kawaida angeshtushwa na taa na kelele za umati ule. Pembeni yake alipanda Duke wa Wellington, yule aliyemshinda Napoleon Waterloo miaka 6 tu kabla ya siku hiyo, akiwa Konstebo Mkuu, mmoja wa maofisa wakuu wa dola.

Shughuli hiyo yote iligharimu zaidi ya pauni 230,000. Ndugu wa George, William IV, alipotawazwa mwaka 1831 aliifuta karamu, na gharama ikawa chini ya pauni 50,000. Hesabu ya fedha ilikuwa sahihi. Lakini karamu ilipoondoka, kazi zote za mezani zilikosa mahali pa kufanyikia: mnyweshaji mkuu, mleta mchuzi, mtandika meza, na Mpiganaji mwenyewe. Sheria ya mwaka 1660 ilikuwa imefuta masharti ya kijeshi ya umiliki wa ardhi na kuziacha kwa makusudi kazi hizi za heshima. Kilichoziua nyingi ni kukosekana kwa meza. Ukoo wa Dymoke ulipona kwa kubadilishiwa kazi. Mwaka 1902 ulipewa kubeba bendera, na tarehe 6 Mei 2023, kwenye kutawazwa kwa Charles III, Francis Dymoke, wa ukoo huohuo wa Scrivelsby, aliingia Westminster Abbey na bendera ya kifalme mkononi.

Kwa mwaka 1902 kuna jambo la kwetu. Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, Apolo Kagwa, alisafiri hadi London kwa ajili ya kutawazwa kwa Edward VII, akiwa na katibu wake Ham Mukasa. Sherehe ilisogezwa kutoka Juni 26 hadi Agosti 9 kwa sababu mfalme alifanyiwa upasuaji. Kagwa hakuwa mgeni wa mambo ya vyeo na ardhi: miaka 2 nyuma alikuwa mmoja wa waliotia saini Mkataba wa Buganda, uliowapa machifu ardhi ya mailo. Tofauti ni kwamba mailo ilikuwa milki isiyodai utumishi wa namna hii. Chifu wa mailo hakutakiwa kumbebea Kabaka kitu chochote ili aendelee kuwa na shamba lake.

Si kila kazi, hata hivyo, inatokana na shamba. Ziko za maofisa wakuu wa dola, na humo kuna somo la siasa. Msimamizi Mkuu, ambaye hubeba taji la Mtakatifu Edward, zamani alikuwa na mamlaka makubwa mno kiasi cha kumtisha mfalme. Tangu mwaka 1421 cheo hicho hakikai na mtu daima. Hutolewa kwa shughuli maalumu, na siku hizi maana yake ni siku ya kutawazwa tu. Konstebo Mkuu ni hivyohivyo. Henry VIII alimkata kichwa Duke wa Buckingham mwaka 1521, na cheo hakikurithiwa tena. Mwaka 2023 aliyebeba taji alikuwa Jenerali Gordon Messenger, na Konstebo alikuwa Amiri Tony Radakin, mkuu wa majeshi wakati huo. Wote wawili ni askari, wala hawakurithi ukabaila wowote.

Cheo cha Earl Marshal kimebaki cha kurithi. Kimo ndani ya ukoo wa Howard, wakuu wa Norfolk, tangu mwaka 1672, na mwenye cheo ndiye mpangaji wa kutawazwa na wa mazishi ya kifalme. Bernard, Duke wa 16, alizipanga sherehe za mwaka 1937 na 1953; Edward, Duke wa 18, aliipanga ya 2023. Jambo linalonigusa ni kwamba ukoo huu ni wa Kikatoliki. Ibada ni ya Kanisa la Anglikana, mfalme anaapa kuilinda imani ya Kiprotestanti, na anayehakikisha kila mtu amesimama mahali pake ni Mkatoliki.

Msimamizi wa chumba cha mfalme, Lord Great Chamberlain, naye ni wa kurithi, ila haki hiyo iligawanyika kati ya familia kadhaa, na sasa huzunguka kila utawala unapobadilika. Nusu yake ni ya Marquess wa Cholmondeley, kwa hiyo ukoo wake hushika zamu mara moja katika kila tawala mbili. Wakati wa Elizabeth zamu ilikuwa yao. Kwa Charles imekwenda kwa Lord Carrington, naye ndiye aliyemwonyesha mfalme vichocheo vya dhahabu, vile ambavyo mpanda farasi hufunga kisiginoni.

Vichocheo hivyo vina wadai wake pia. Kwenye kutawazwa kwa Richard I, mwaka 1189, vilibebwa na John the Marshal, na haki ikashuka hadi kwa familia mbili zinazogawana: Lord Hastings anabeba kimoja, Earl wa Loudoun kingine. Huyu wa pili anaishi Australia.

Glavu ya mkono wa kulia inatuonyesha mwisho wa mambo haya. Ilikuwa kazi ya mwenye shamba la Farnham Royal. Mwenyewe alipobadilishana ardhi na Henry VIII, kazi ikahamishiwa Worksop, katika Nottinghamshire. Bwana wa Worksop alimvisha mfalme glavu na kumtegemeza mkono unaoshika fimbo ya enzi. Kufikia mwaka 1953 shamba lilikuwa mikononi mwa kampuni, na kampuni haina mkono wa kuushika mkono wa malkia. Dai likakataliwa, glavu ikaletwa na Lord Woolton. Mwaka 2023 aliyeileta ni Lord Singh, Msingasinga, asiye na uhusiano wowote na Worksop.

Kuna tendo moja ambalo zamani makabaila wote walilifanya bila kujali kama wana glavu au upanga, nalo ni kiapo cha utii. Kabaila alipiga magoti mbele ya kiti cha enzi, akaahidi kuwa mtu wa mfalme kwa uhai wake na viungo vyake, kisha akagusa taji na kumbusu mfalme. Lugha yake ni ya mpokea ardhi mbele ya mtoa ardhi. Kwa Victoria, tarehe 28 Juni 1838, walipita mmoja mmoja, na Lord Rolle, mzee wa miaka zaidi ya 80, alianguka akaviringika kwenye ngazi. Malkia, msichana wa miaka 19, aliinuka akamfuata ili asipande tena. Kuanzia mwaka 1902 akawa anakuja mkubwa mmoja tu kwa niaba ya kila daraja kati ya yale matano: duke, marquess, earl, viscount na baron. Mwaka 2023 kwa upande wa ukoo aliyepiga magoti ni William peke yake, mwana wa mfalme. Malodi hawakula kiapo, wala hawakuvaa vile vitaji vyao ambavyo mwaka 1953 walivivaa kwa pamoja mara tu Elizabeth alipovikwa taji.

Naona uamuzi huo ulikuwa wa kweli. Mwaka 1999 wengi wa malodi wa kurithi walipoteza viti vyao bungeni, na ardhi yao hawaishiki tena kwa sharti la mfalme. Kuapa maneno ya mpokea ardhi kungekuwa kusema kisichokuwepo. Mahakama ya Madai nayo haikukaa. Nafasi yake ilichukuliwa na ofisi ndogo ya serikali iliyopokea madai zaidi ya 200. Walioingia na vifaa vya kifalme wengi walikuwa malodi wa kuteuliwa, ambao cheo chao hakirithiwi: Lord Kamall, Mwislamu, alileta bangili, Lord Patel, Mhindu, pete, Baroness Merron, Myahudi, joho, Baroness Benjamin, mzaliwa wa Trinidad, fimbo yenye njiwa. Upanga ulibebwa na Penny Mordaunt, mbunge wa kuchaguliwa, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1953 ilikuwa kazi ya Marquess wa Salisbury.

Hata hivyo hesabu ya kale haikufutwa yote. Hastings na Loudoun walikuwapo, Dymoke alikuwapo, na Earl wa Erroll, Konstebo Mkuu wa Scotland kwa kurithi, alikuja na fimbo yake ya fedha. William atakapoushika ufalme, kazi ya chumba cha mfalme itatoka kwa Carrington na kurudi kwa Cholmondeley, kwa kuwa zamu itakuwa yao.