Je, wajua? Suti ya mabawa haimfanyi mtu aelee hewani

Kwa miaka mingi niliamini kwamba suti ya mabawa, ile nguo yenye kitambaa kati ya mikono na kiwiliwili na kati ya miguu, humshikilia mrukaji kama mwavuli. Kwenye video ndivyo inavyoonekana: mtu kajitandaza kama popo, anaelea. Kumbe haelei hata kidogo. Anaanguka tangu atoke ndegeni hadi afungue parachuti, na kuanguka huko ndiko kunakompeleka mbele.

Ukipanda daladala, barabara ikiwa wazi, toa kiganja dirishani kikiwa kimelala bapa. Upepo unakipita tu. Inua kidogo upande wa kidole gumba: mkono unapanda wenyewe. Inua zaidi, hadi kiganja kitazame mbele: hakipandi tena, kinasukumwa nyuma. Daladala ikisimama kituoni, ukiinue utakavyo, hakuna kitu.

Suti ni kiganja hicho, na kimo ndiyo injini ya daladala. Hewa huingia kwenye matundu ya suti, ikajaza mifuko ya kitambaa na kulikaza bawa. Mrukaji wa kawaida aliyelala kifudifudi hushuka kwa takriban kilomita 190 kwa saa. Mwenye suti anaweza kushuka chini ya 100, akisonga mbele mita 2 hadi 3 kwa kila mita 1 ya kimo. Akitoka ndegeni kwenye mita 4,000 na kufungua parachuti kwenye 1,500, anaweza kwenda zaidi ya kilomita 5, kama kutoka Posta hadi Coco Beach jijini Dar es Salaam. Hiyo ni hewa ikiwa tulivu, na anayeanza hupata pungufu.

Anayeanza pia huinua kifua akidhani ataelea zaidi. Kasi inakufa, bawa linaacha kumbeba.

Chama cha warukaji cha Marekani, USPA, kinataka mtu awe ameruka mara 200 kabla ya kuivaa. Kwangu sababu nzito ni kufungua parachuti. Bawa huacha hewa iliyovurugika nyuma ya mgongo, na kiparachuti kinachovuta kile kikubwa hupita humo humo. Lazima akunje mabawa, mwili ulingane kushoto na kulia. Parachuti ikishafunguka, afungue zipu za mikono ndipo azifikie vizuri kamba za kuiongozea.

Mwaka 2012 Mwingereza Gary Connery alitua na suti ya mabawa bila kufungua parachuti. Aliangukia maboksi matupu zaidi ya 18,000.