Kwanza Niambie Nani Anashindilia Kokoto

Jana kwenye kahawa, Ngamiani hapa Tanga, nimeyasikia tena: "Reli yetu wampe mtu binafsi, mtaona itakavyokimbia." Kikombe nilikiacha nusu.

Reli ya Tanga ilianza ikiwa ya binafsi, jamani! Kampuni ya Kijerumani iliianza 1893, ikajikongoja mpaka Muheza, kilomita arobaini hivi, ikaishiwa fedha. Serikali ya kikoloni ikaichukua 1899, na ndiyo iliyoifikisha Moshi mwaka 1911.

Mwingine akadakia: 2007 tulibinafsisha, tukashindwa, basi iwe serikali tu. Huyu ndiye aliyeniudhi, maana kasema nusu. TRL, kampuni iliyoendesha treni, ilikuwa ya RITES, kampuni ya India, asilimia 51, serikali 49, na ubia haukufika miaka mitano, kweli. Lakini njia ilibaki mali ya RAHCO, kampuni ya serikali ya kumiliki reli. TRL ilikuwa mpangaji. Mliopanga mnajua: bati likitoboka, mpangaji na mwenye nyumba wanatazamana.

Na njia haisubiri watazamane. Taruma moja, lile gogo linalolazwa chini ya reli, likikosa kokoto chini, kila behewa likipita reli inabonyea kidogo. Kokoto zinasagika, vumbi linaziba, mvua ikija maji hayatoki, tope linapanda. Treni haianguki siku hiyo. Dereva anaambiwa tu apunguze mwendo, mwakani apunguze tena. Kwenye hesabu za mwaka huo gengi ya kutunza njia uliyoipunguza inaonekana ni faida! Anayejua ataondoka kabla tope halijapanda, kwa nini anunue kokoto? Uingereza walibinafsisha hata njia yenyewe, wakaipa kampuni binafsi, Railtrack. Oktoba 2000 reli yenye nyufa ikavunjika Hatfield, watu wanne wakafa. Miaka miwili baadaye njia ikawa chini ya Network Rail, isiyogawa faida.

Sasa msinishangilie, watu wa serikali. Njia yetu hii ya kaskazini ilimezwa na majani ikiwa mali ya umma, na treni ya abiria ya Moshi imerudi Desemba 2019 baada ya zaidi ya miaka 20. Nao Wajapani waligawa shirika lao la reli 1987, na kampuni zao kubwa za abiria, zenye njia na treni pamoja, zinakwenda vizuri tu. Hilo linanisumbua, sifichi. Huenda dawa ni mwenye treni awe ndiye mwenye njia, awe nani awe. Huenda ni abiria wengi wa Tokyo tu.

Nikamuuliza yule wa kwanza: katika mkataba wako, fungu la kokoto liko ukurasa wa ngapi?

Akaagiza kashata.