Tambo la mwanafunzi wa afya: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wanafunzi wa uuguzi, utabibu na famasia hapa Mombasa hupima wagonjwa kila wiki. Kujipima wenyewe ni jambo jingine: wengi hutegemea kioo, au mizani iliyo nje ya duka la dawa, nao wameshavaa viatu na kubeba mkoba.

"Ukifika chuo, mwili umeshamaliza kukua."

Kilichokwisha, kwa wengi, ni urefu. Gegedu za ukuaji, yaani sehemu laini ambapo mifupa mirefu hurefukia, huwa zimeshafunga, za wasichana mapema kuliko za wavulana. Anayening'inia kwenye chuma ili arefuke anajichosha bure. Diski za uti wa mgongo hunywea mchana na kujaa tena usiku, ndiyo maana mtu huwa mrefu asubuhi kwa takriban sentimita moja. Lakini mtulinga (mfupa wa kati ya bega na kidari), upande wa kidari, bado haujaunga kwa kijana wa miaka 20, na mifupa huendelea kujaza madini hadi karibu miaka 30. Miaka ya hosteli, ile ya chai ya rangi na viazi karai, ndiyo hiyo hiyo ya kuweka akiba ya mfupa. Kiwango cha kalsiamu kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni takriban miligramu 1,000 kwa siku; glasi ya maziwa ina kama 300, na dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake huongeza.

Mfupa hutaka kishindo pia. Kuogelea Nyali kunafaa sana moyo na mapafu, ila maji hukubeba, kwa hivyo mifupa haipati mzigo wake. Ruka kamba, panda ngazi, nyanyua vyuma.

"BMI yangu ni 25.5, basi mimi ni mnene."

Huenda, na huenda sivyo. Kipimo hiki cha uwiano wa uzito na urefu ni kilo zilizogawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe; kuanzia 25 huitwa uzito uliozidi, na kuanzia 30 unene. Asili yake ni hesabu ya Mbelgiji Adolphe Quetelet wa karne ya 19, aliyekuwa akichunguza makundi ya watu wala si mgonjwa mmoja. Hakitofautishi misuli na mafuta. Mchezaji raga wa mita 1.68 na kilo 72 hupata 25.5, sawasawa na mwenye kitambi wa urefu na uzani huo.

Kosa la kupima nalo lina uzito wake. Mpime mtu huyo huyo akiwa na viatu vya soli ya sentimita 3: urefu unakuwa 1.71, BMI inashuka hadi 24.6, na "uzito uliozidi" umetoweka kwenye karatasi. Kwa hivyo vua viatu, visigino na makalio viguse ukuta, macho yatazame mbele usawa, halafu shusha ubao mpaka ubane nywele. Mtandio mnene, mashungi na vibanio huongeza sentimita za uongo. Mpe mpimwaji faragha ya kuvitoa.

Tena mipaka ya 25 na 30 haiwafai wote kwa namna moja. Kwa watu wenye asili ya Asia, nao ni wengi mjini hapa, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza mwaka 2004 kuwa hatari ianze kuangaliwa kwenye 23.

Kinachosaidia kuamua ni utepe kiunoni. Tafuta ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, pitisha utepe katikati yake, juu ya ngozi, usome mwisho wa kutoa pumzi ya kawaida. Usiupitishe pale mkanda wa suruali unapokaa: mwenye kitambi hufunga mkanda chini yake, na namba hutoka ndogo. Kiuno kikizidi nusu ya urefu wako (sentimita 84 kwa mtu wa 168), shughulika nacho, BMI iseme lolote.

"Mimi ni wa aina ya wembamba, sinenepi."

Mgawanyo wa endomofu (mwenye mafuta), mesomofu (mwenye misuli) na ektomofu (mwembamba) ulitolewa na Mmarekani William Sheldon, aliyedai pia kwamba umbo hufichua tabia. Dai hilo la tabia halikusimama. Mfumo wa watafiti Heath na Carter wa 1967 humpa kila mtu namba tatu kwa pamoja, moja kwa kila umbo, mathalani 3-5-2, kutokana na unene wa mikunjo ya ngozi, upana wa mifupa na mizingo ya mkono na muundi. Namba hizo hubadilika kwa chakula na mazoezi. Kwa hivyo "aina" ni picha ya leo tu.

"Jasho ni mafuta yanayoyeyuka."

Kwa joto la Mombasa, saa moja ya mpira inaweza kukutoa kilo nzima. Ni maji hayo; lita moja ya maji na kilo inarudi. Anayekimbia amejifunga nailoni hapunguzi chochote ila uwezo wa mwili kujipoza.

"Bila unga wa protini huwezi kujenga misuli."

Anayenyanyua vyuma anatosheka na takriban gramu 1.6 za protini kwa siku kwa kila kilo ya mwili. Kwa kilo 60 ni gramu 96: mayai mawili asubuhi (12), kikombe cha mbaazi (11), samaki gramu 150 (33), glasi ya maziwa (8), kikombe cha maharagwe (15), na kilichobaki hutoka kwenye chapati na ugali. Kinachowakwamisha wengi ni kushinda wodini bila kula, kisha kukusanya yote saa nne usiku.